Sare Moja Tu: Kisa cha Serengeti Boys, Gabon 2017

Tarehe 21 Mei 2017 vijana wetu wa Tanzania wa chini ya miaka 17, Serengeti Boys, waliingia uwanjani kule Gabon dhidi ya Niger wakihitaji sare. Hapakuwa na hesabu za vidole siku hiyo, wala kuombea wengine wafungwe. Tulikuwa na pointi nne, Niger walikuwa na moja. Sare ingetutia nusu fainali ya AFCON ya vijana, na timu zote nne za nusu fainali zilikuwa na tiketi ya Kombe la Dunia la U-17, India, Oktoba mwaka ule. Hadi siku hiyo hakuna timu ya soka ya Tanzania, ya wakubwa au ya wadogo, ya kaka zetu au ya dada zetu, iliyokuwa imecheza Kombe la Dunia la FIFA.

Niger wakafunga bao kipindi cha kwanza. Halikurudi. Mpira ukaisha 1-0, tukawa na pointi nne sawa na wao, na timu zikilingana pointi CAF, shirikisho la soka la Afrika, huanza kuangalia zilipokutana nani alimfunga nani. Niger wakaenda India, sisi tukarudi Dar es Salaam.

Vijiweni kisa hiki husimuliwa hivyo hivyo: bao moja, basi. Lakini ukikianzia hapo utamlaumu beki au kocha kwa jambo lililoanza kuivishwa mbali na Gabon. Mimi nakianzia mwaka 2005.

Mwaka ule Serengeti Boys walishafuzu fainali za Afrika zilizochezwa Gambia. Hawakupanda ndege. CAF iliiondoa Tanzania kwa kuchezesha mchezaji aliyezidi umri, na nafasi ikapewa Zimbabwe. Kijeba mmoja alitosha kufuta jasho la kikosi kizima, wakiwamo watoto waliokuwa na umri wao halali na ambao nafasi ile haikuwarudia tena. Mzee Ali Hassan Mwinyi aliwahi kuufananisha mpira wetu na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila mtu hujifunzia kunyoa. Mwaka 2005 wembe tuliushika wenyewe.

Sasa ruka hadi 2016. Kikosi kipya kiko chini ya Bakari Shime, kocha ambaye wengi walimjua kwa kazi yake Mgambo JKT ya Tanga, na pembeni yake yupo Kim Poulsen, Mdenmark aliyewahi kuinoa Taifa Stars, safari hii akiwa mshauri wa soka la vijana. Mwezi Mei timu inakwenda Goa, India, kwenye mashindano ya mwaliko pamoja na wenyeji, Marekani, Korea Kusini na Malaysia, na inarudi na nafasi ya tatu. Wakati ule wengi hatukuipa uzito safari hiyo. Ukiitazama leo unaona kwamba watoto hawa walishakanyaga nyasi za nchi ambayo mwaka mmoja baadaye ingeandaa Kombe la Dunia la rika lao, tena wakacheza humo bila kuaibika.

Kisha mechi za kufuzu. Shelisheli walipigwa nje ndani. Afrika Kusini, ambao kwa kawaida tukipangiwa nao tunaanza kuulizana mechi za mwaka unaofuata, walitoka sare ya 1-1 na sisi kwao na wakaja kufungwa 2-0 Dar es Salaam Agosti 2016. Ikabaki hatua moja: Kongo, ile ya Brazzaville.

Mechi ya kwanza ilikuwa kwetu, Septemba, na tulishinda 3-2. Nchi ikashangilia. Mimi mwenyewe nilishangilia, sijifanyi mjuzi wa baada ya tukio. Lakini ukifunga matatu nyumbani ukaruhusu mawili, mechi umeshinda na safari umeiweka rehani. Oktoba, Brazzaville, Kongo walishinda 1-0. Jumla 3-3, na jumla ilipolingana mabao yao mawili ya ugenini ndiyo yaliyoamua, yakawa na uzito wa dhahabu. Tukatolewa. Bao lililotuua lilionekana ni lile la Brazzaville, kumbe shimo lilichimbwa Dar es Salaam tulipokuwa tunapiga vigelegele.

Hapo ndipo TFF, shirikisho letu la soka, ilipofungua faili. Malalamiko yalimhusu mchezaji mmoja wa Kongo ambaye umri wake ulitiliwa shaka, na CAF iliagiza apelekwe kupimwa kwa MRI.

Kipimo hicho nakieleza kidogo, maana hadi leo kuna watu wanadhani mashine inasoma tarehe ya kuzaliwa. Haisomi. Inapiga picha ya mfupa wa mkono karibu kabisa na kifundo, mahali ambapo mtoto anayekua huwa na tabaka laini linalotenganisha ncha ya mfupa na mfupa wenyewe. Kadiri umri unavyosogea, tabaka lile huziba. Madaktari hupanga hali hiyo kwa madaraja sita, na la sita maana yake mfupa umeunga kabisa. Kijana wa kiume ambaye hajatimiza miaka 17 ni nadra sana kufika daraja hilo, na ndiyo sababu FIFA ilianza kukitumia kipimo hiki kwenye Kombe la Dunia la U-17 la mwaka 2009, Nigeria. Kwa wasichana hakitumiki namna hiyo, kwa kuwa mifupa yao huunga mapema zaidi.

Kwa hiyo kipimo hiki ni chujio. Mwenye miaka 18 ambaye mfupa wake umechelewa kuziba atapita akitabasamu, wakati mwenye miaka 16 kuonewa ni nadra mno. Kinachofanya vizuri ni kuwatisha wakubwa kupita kiasi wasijaribu kabisa, na wakijaribu huwa ni mafuriko: Januari 2023 shirikisho la Cameroon liliwapima wachezaji 30 wa timu yake ya U-17 na 21 wakashindwa.

Turudi kwa yule kijana wa Kongo. Hapa wasimulizi wengi huteleza. Mashine haikumkuta na hatia, kwa sababu haikumwona. Shirikisho lake halikumfikisha kwenye kipimo, na CAF ikaiondoa Kongo mwanzoni mwa 2017 na kutupa sisi nafasi. Jina lake silitaji, maana hakuna picha ya mfupa wake iliyowahi kumhukumu. Kilichohukumiwa ni kutofika. Mtu ana haki ya kusema kwamba mwenye umri halali hana sababu ya kukwepa dakika chache ndani ya mashine, na mimi nakubaliana naye, ila tofauti hiyo iwekwe wazi. Kwetu pia kuna watoto wengi waliozaliwa nyumbani ambao cheti cha kuzaliwa cha RITA kilitafutwa siku walipotakiwa kuwa na pasipoti, na tarehe iliyoandikwa ilitoka kwenye kumbukumbu ya bibi. Si kila karatasi inayogombana na nyingine imeandikwa na tapeli.

Ushindi wa mezani una ladha yake. Kuna waliosema tumeokota. Sikubaliani nao hata kidogo. Nchi iliyofukuzwa kwa kijeba mwaka 2005 ilijua thamani ya kanuni hiyo kuliko nchi nyingi, na mwaka 2017 ilikuwa na kikosi ambacho ilithubutu kukisimamisha mbele ya kanuni ile ile. Malalamiko ya umri huwezi kuyapeleka huku kwako kunanuka. Kwa hesabu zangu, faili la umri la wachezaji wa Shime lilikuwa sehemu ya safu ya ulinzi kama alivyokuwa beki yeyote wa kati.

Tatizo la mezani lilikuwa muda. Wenzetu walianza kuandaa fainali Oktoba, sisi tukapata habari mwaka umeshageuka. Fainali zenyewe zilikuwa zimepokonywa Madagascar na kuhamishiwa Gabon. TFF chini ya Jamal Malinzi ikakimbizana: mechi za kirafiki na Burundi pale Kaitaba, Bukoba, sare ya 2-2 na Ghana Dar es Salaam, kambi Morocco. Wananchi wakaombwa kuchangia kwa simu zao. Nakiri maandalizi yale yalikuwa bora kuliko timu nyingi za taifa tulizowahi kusindikiza, na sitakubali kirahisi kisingizio cha kambi mbovu. Lakini kuchangisha kwa simu wiki chache kabla ya fainali ni dalili ya nchi ambayo haikuwa na fungu la timu hii tangu mwanzo.

Mechi ya kwanza, 15 Mei, Mali. Hawa walikuwa mabingwa watetezi wa Afrika na washindi wa pili wa Kombe la Dunia la 2015. Ilikuwa 0-0. Ukitaka kujua sare ile ina maana gani, angalia Mali walichofanya baadaye: walichukua tena ubingwa kwa kuifunga Ghana 1-0 fainali, kisha India wakamaliza wa nne duniani. Timu hiyo haikupata bao mbele ya Ramadhani Kabwili golini na nahodha Dickson Job katikati ya ulinzi.

Tarehe 18, Angola. Tukashinda 2-1, mabao ya Kelvin Nashon na Abdul Suleiman, yule ambaye baadaye nchi nzima ilimzoea kwa jina la Sopu. Pointi nne kwa mechi mbili, kundi likiwa na bingwa mtetezi. Siku zile tatu kati ya Angola na Niger zilikuwa tamu kuliko zozote nilizoziona katika soka letu la vijana, na pengine utamu ule ndio uliotuponza.

Maana kuna kitu kinaitwa "sare inatutosha", na kila aliyecheza mpira hata wa chandimu anajua kinavyofanya kazi. Timu inayohitaji kushinda ina neno moja kichwani. Timu inayohitaji sare ina mawili: nishambulie au nilinde? Beki wa pembeni anapopata mpira wenye nafasi mbele anasita nusu sekunde. Kiungo anarudisha nyuma pasi ambayo wiki iliyopita angeipenyeza. Watu wazima wenye mishahara husumbuliwa na jambo hili, sembuse watoto wa miaka 16 ambao simu zao zimejaa pongezi kutoka nyumbani.

Lakini hiyo ni nusu tu ya maelezo, na ni ile nusu rahisi. Nyingine iko kwenye takwimu. Serengeti Boys walifunga mabao mawili katika mechi tatu, yote siku moja. Dhidi ya Mali sifuri, dhidi ya Niger sifuri. Waliruhusu mawili tu katika mashindano yote. Ilikuwa timu iliyojengwa isifungwe, na ilijengwa vizuri. Timu ya namna hiyo inaishi salama mradi iwe ya kwanza kupata bao au mechi ibaki 0-0. Mara Niger walipotangulia, mchezo ukabadilika kuwa wa kutafuta bao dhidi ya wapinzani waliorudi nyuma kulinda, yaani kazi ambayo timu hii ilikuwa haijalazimishwa kuifanya kwenye fainali zile. Ilikuwa na kipindi kizima cha pili, ila kilichohitajika hakikuwa muda.

Je, Shime angeweza kufanya tofauti? Labda kuanza kwa kushambulia, ili bao la mapema liondoe ule ubishi wa kichwani. Labda. Mimi simhukumu. Kocha aliyeisimamisha Mali kwa ulinzi ana haki ya kuamini ulinzi siku anayohitaji 0-0. Swali langu liko juu zaidi ya benchi lake. Mfungaji wa miaka 16 hatengenezwi kambini Morocco kwa wiki kadhaa, anatengenezwa akiwa na miaka 11, 12, 13, kwa kucheza mechi nyingi za ushindani za rika lake kila wikendi, apate nafasi, akose, apate tena. Ulinzi unaweza kufundishwa kwa mpangilio na nidhamu hata ukiwa umewapata vijana kwa kuchelewa. Kufunga ni mazoea ya miaka. Niger hawakuwa na ligi za kutisha kutushinda, hilo najua, na bao moja laweza kuangukia upande wowote. Lakini ukirudia mechi ile mara kumi, sisi tungetegemea sana mara ngapi wao wangeshindwa kufunga, kidogo mno mara ngapi sisi tungefunga.

Miaka miwili baadaye tulipata jaribio la pili. Aprili 2019 fainali za U-17 zilichezwa kwetu, Dar es Salaam, na kama wenyeji hatukuhitaji kufuzu. Kikosi kipya, kocha Oscar Mirambo, mshambuliaji Kelvin John akitajwa kila kona. Mechi ya kwanza na Nigeria tulitoka nyuma 3-1 tukaongoza 4-3, Uwanja wa Taifa ukatetemeka, kisha tukafungwa 5-4. Uganda wakatupiga 3-0, Angola 4-2. Weka hesabu mbili pamoja: Gabon tulifunga mawili, tukafungwa mawili, pointi nne. Dar es Salaam tulifunga sita, tukafungwa kumi na mbili, pointi sifuri. Mabao tuliyoyalilia 2017 yalikuja, ulinzi ukaondoka nayo. Ni kama nchi ina blanketi fupi: ukifunika kichwa, miguu nje.

Na suala la umri nalo lilikuja hadi nyumbani kwetu. Guinea, waliofika fainali ya mashindano yale na kufungwa na Cameroon kwa penalti, walienguliwa baada ya kubainika kwamba wachezaji wao wawili walikuwa na tarehe tofauti za kuzaliwa na zile walizotumia kwenye mashindano ya Japan mwaka 2017. Nafasi yao ya Kombe la Dunia ikaenda Senegal. Safari hii hapakuhitajika hata MRI, karatasi mbili ziliumbuana zenyewe.

Sasa waliofungwa na Niger walienda wapi? Hapa ndipo napingana na wanaokiita kikosi kile "kilichoshindwa". Kabwili alichukuliwa na Yanga. Nickson Kibabage alikwenda Difaa El Jadida ya Morocco kabla ya kurudi nyumbani na hatimaye naye kutua Yanga. Ally Ng'anzi alipita Jamhuri ya Czech kisha Marekani. Job na Kibwana Shomari walikulia Mtibwa Sugar, kisha wakahamia Jangwani, kwa Yanga, na Job akawa mhimili wa Taifa Stars. Sopu, akiwa Coastal Union, aliwafunga Yanga mabao matatu peke yake kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Arusha, Julai 2022. Ilikuwa 3-3 na Yanga wakachukua kombe kwa penalti, lakini jioni ile ilikuwa yake, na Azam hawakuchelewa kumsajili.

Mwaka 2023 Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Job akiwa kwenye safu ile ya ulinzi. Walifungwa 2-1 Dar es Salaam na USM Alger, wakashinda 1-0 Algiers, wakakosa kombe kwa bao la ugenini. Kijana aliyekuwa kwenye kikosi kilichong'olewa na kanuni hiyo hiyo Brazzaville alikuwa akiijua hesabu ile kabla refa hajapuliza.

Na kocha? Shime alihamia soka la wanawake. Mwaka 2022 Serengeti Girls wake waliifunga Cameroon 4-1 Yaoundé na 1-0 Zanzibar, wakafuzu Kombe la Dunia la U-17. Lilichezwa India. Walianza kwa kuchapwa 4-0 na Japan, wakaamka wakaifunga Ufaransa 2-1 kwa mabao ya Diana Mnally na penalti ya Christer Bahera, na mechi ya mwisho ya kundi wakakutana na Canada pale Navi Mumbai, tarehe 18 Oktoba.

Canada wakafunga kwanza, kipindi cha kwanza. Shime ameshaiona filamu hii. Dakika ya 35 Veronica Mapunda akasawazisha, ikaisha 1-1. Japan wakawafunga Ufaransa siku hiyo hiyo, na sare ile ikatosha kuwapeleka robo fainali, huko Goa.